Tangi la akriliki lenye mikwaruzo na ukungu: soma dalili kabla ya kushika msasa

Msasa hutibu ugonjwa mmoja tu wa akriliki, nao ni mkwaruzo. Chokaa haihitaji msasa. Nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui mara nyingi haziishi kwa msasa, na tangi lililotuna ukilipiga msasa unalipunguzia unene pale pale linapouhitaji. Hata hivyo mtu akileta nyumbani tangi kuukuu la samaki lenye ukungu, yaani weupe unaozuia kuona vizuri, kitu cha kwanza anachonunua ni msasa. Baada ya siku mbili za jasho anabaki na ukungu ule ule, pamoja na mawimbi ambayo hayakuwepo. Kwa hiyo humu mambo yamepangwa kwa dalili, kama watu wanavyozieleza, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia.

Akriliki, plastiki angavu ambayo watengeneza mabango wa Nairobi huiita Perspex hata kama imetoka kiwanda kingine, ni laini kuliko kioo. Ndiyo maana hukwaruzika upesi, na ndiyo maana pia inaweza kung'arishwa ikarudi kama mpya. Ina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni joto: hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Wa pili ni viyeyusho: spiriti, sanitaiza, thina, petroli, dawa ya kuondoa rangi ya kucha, na dawa za kusafishia vioo zenye amonia.

Kabla ya yote: uchunguzi wa dakika kumi

Hakikisha tangi ni la akriliki kweli. Gonga kwa kifundo cha kidole: kioo hulia, akriliki hutoa sauti butu. Tazama ukingo wa bamba kwa ubavuni: kioo cha kawaida kina rangi ya kijani, akriliki safi haina. Angalia pembe: tangi la kioo limeungwa kwa silikoni inayobonyea ukiisukuma kwa ukucha, tangi la akriliki lina maungio magumu yanayopitisha mwanga. Usijaribu kwa sindano ya moto wala kwa tone la thina, kwa sababu ukishathibitisha utakuwa umeshaharibu.

Kisha subiri jioni, zima taa za chumba, na uweke tochi ya simu ubavuni mwa bamba ili mwanga ukwangue uso wake. Fanya majaribio matatu:

1. Lowesha kidole, paka maji juu ya ukungu. Ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, tatizo liko juu ya uso: chokaa au mikwaruzo myembamba. Ukibaki vile vile, tatizo liko ndani ya bamba au upande wa pili.
2. Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na utahitaji msasa wenye punje nene. Ukiteleza, pengine krimu ya kung'arisha peke yake itatosha.
3. Sogeza kichwa kushoto na kulia. Mkwaruzo huonekana kutoka karibu kila upande. Nyufa za utando humetameta ukiwa upande mmoja na kupotea ukisogea.

Weka alama kwa selotepu ya karatasi, upande wa nje kwa nje na wa ndani kwa ndani. Kalamu za wino wa kudumu ziache, nyingi zina spiriti.

"Nimesafisha kuta lakini tangi bado lina ukungu"

Chota maji kwenye glasi safi uyatazame dirishani. Yakiwa meupemeupe, kuta hazina kosa: ni bakteria walioongezeka ghafla, jambo la kawaida katika tangi jipya au lililosafishwa kupita kiasi. Punguza chakula, badilisha robo ya maji, subiri siku chache. Maji yakiwa safi kwenye glasi, endelea kusoma.

"Kuna mstari mweupe pale maji yanapoishia"

Chanzo karibu kila mara ni madini yanayobaki maji yakikauka. Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka kwa wingi kwenye mabwawa ya milimani kama Ndakaini na Sasumua, na yana madini machache. Maji ya kisima kirefu, ambayo nyumba nyingi za kupanga hutegemea siku ambazo si za mgao (zamu yao ya kupata maji ya mfereji), huacha mabaki zaidi. Chanzo cha pili ni povu la pampu ya hewa linalorusha matone juu ya mstari wa maji. Cha tatu ni mwani mkavu ulioshikana na chokaa.

Dawa ni siki nyeupe ya dukani, ile ya asidi asilimia 5. Shusha maji, lowesha kitambaa cha pamba kwa siki, kibandike juu ya mstari kwa dakika 15 hadi 20, kisha sukuma ukoko kwa kadi kuukuu ya benki. Rudia mara mbili au tatu, usiongeze nguvu za mkono. Suuza vizuri kabla ya kurudisha maji, kwani siki ikiingia kwa wingi ndani ya tangi hushusha pH na kuwatesa samaki. Usitumie dawa ya choo, na usitumie wembe. Ukoko wenyewe ni mgumu wa kutosha kukwaruza akriliki ukiusugua ukiwa mkavu.

Chokaa ikiondoka na ukungu ukabaki chini yake, basi kuna aliyewahi kuusugua huo ukoko kabla yako. Nenda sehemu inayofuata.

"Uso mzima una weupe kama pumzi kwenye dirisha"

Vyanzo, kuanzia kinachotokea sana:

- Kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi jekundu la Nairobi lina punje za mchanga, na kila upangusaji mkavu ni kama msasa mwembamba.
- Sponji ya jikoni yenye upande wa kijani, au waya wa kusugulia sufuria.
- Kazi ya msasa iliyoachwa njiani na mwenye tangi wa zamani. Mikwaruzo itakuwa imepangika upande mmoja au kwa miduara.
- Dawa ya kusafishia vioo. Hii huleta weupe ambao wakati mwingine ni mwanzo wa nyufa, kwa hiyo rudia jaribio la tatu hapo juu kwa makini.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: ukungu wa mikwaruzo ulio upande wa ndani mara nyingi hupotea wenyewe tangi likijaa. Mwanga hupinda kidogo sana ukitoka kwenye maji kuingia akriliki kuliko ukitoka kwenye hewa, kwa kuwa kipeo cha kupinda cha maji ni 1.33, cha akriliki 1.49, na cha hewa ni 1 tu. Maji hujaza mikwaruzo midogo na jicho halioni tena. Jaza tangi kwanza, au angalau lowesha upande wa ndani kwa chupa ya kupuliza, ndipo uamue. Mara nyingi kazi iliyodhaniwa kuwa ya pande mbili hugeuka kuwa ya upande wa nje peke yake, na upande wa nje ndio rahisi.

Kwa ukungu usiokwamisha ukucha: osha kwa maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba kwa kugandamiza bila kusugua. Weka krimu ya kung'arishia plastiki kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa laini, sugua eneo la ukubwa wa kiganja kwa miduara kwa dakika mbili au tatu, pangusa, tazama kwa tochi. Kama huna krimu hiyo, dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, hufanya kazi kwenye ukungu mwepesi, ila polepole. Krimu za kung'arishia shaba na chuma ziache, baadhi zina amonia.

Baada ya mizunguko mitatu bila mabadiliko, krimu haitoshi. Panda kwenye msasa namba 2000, kisha 3000 (namba ikiwa kubwa, punje ni nyembamba zaidi), halafu rudi kwenye krimu.

"Kuna mkwaruzo mmoja, au michache, inayoonekana hata maji yakiwemo"

Mkosaji mkuu ni sumaku ya kusafishia mwani ikiwa imenasa punje ya mchanga. Utaijua kwa mistari mirefu sambamba, inayoanzia chini karibu na mchanga na kupanda juu. Wa pili ni mawe yaliyogusa ukuta wakati wa kupanga tangi. Wa tatu ni usafirishaji: tangi limefungwa juu ya pikapu bila blanketi. Wa mwisho, na si wa kawaida, ni samaki wenyewe, hasa sikilidi wachimbaji wanaosukuma kokoto ukutani.

Kabla ya kuanza, pima unene wa bamba kwenye ukingo wa juu. Uwezo wa bamba kutopinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba la mm 10 likipunguzwa hadi mm 9 pote hubaki na asilimia 73 tu ya ukakamavu wake. Mkwaruzo unaozidi sehemu moja ya kumi ya unene usiufukuzie kwa msasa. Uache ulivyo, au umpelekee fundi wa akriliki aujaze kwa gundi nzito ya kiyeyusho, ukijua kwamba alama haitapotea kabisa.

Vifaa: msasa wa maji namba 600, 800, 1000, 1500, 2000 na 3000, karatasi mbili au tatu za kila namba, kipande cha mpira au sponji ngumu cha kuufungia, ndoo mbili, chupa ya kupuliza, sabuni, vitambaa sita vya maikrofaiba, krimu ya kung'arisha, nzito na nyepesi. Maduka ya rangi za magari, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga na Eneo la Viwanda, huuza msasa huu kwa mafundi wa bodi. Namba 3000 si kila duka linayo, itafute kabla ya kuanza na usikubali kuambiwa kwamba 1000 inatosha.

Hatua:

1. Chomoa vifaa vyote vya umeme. Hita ikae dakika 20 ipoe kabla maji hayajashuka chini yake, la sivyo kioo chake hupasuka. Hamisha samaki kwenye chombo chenye maji yao wenyewe, pamoja na pampu ya hewa. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji yake hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilo hilo pale Mombasa. Ndoo iliyojaa samaki bila pampu ya hewa hapa haina muda mrefu. Sponji za filta zilowe ndani ya ndoo hiyo hiyo, zisioshwe kwa maji ya mfereji wala zisikauke.
2. Safisha bamba mpaka kusiwe na punje hata moja. Loweka msasa dakika 15 kwenye maji yenye tone la sabuni.
3. Chagua namba ya kuanzia. Ukucha ukikwama vibaya, anza na 600. Ukikwama kidogo, 800 au 1000. Usianze chini ya 600 kwa ujasiri tu, kwani kila namba nene unayoanza nayo ni mikwaruzo mipya utakayolazimika kuiondoa.
4. Sugua eneo pana kuliko mkwaruzo. Mkwaruzo wa sm 5 unahitaji eneo la sm 25 hivi, ukizidi kupunguza nguvu kuelekea pembezoni. Sugua kwa mistari iliyonyooka ya mlalo, bamba likiwa limelowa muda wote. Maji yakigeuka maziwa, suuza.
5. Mkwaruzo wa asili ukitoweka, suuza bamba, badilisha maji ya ndoo, badilisha kitambaa, nawa mikono. Punje moja ya 600 ikibaki kwenye ndoo itachora mistari ukiwa umeshafika 2000.
6. Namba inayofuata isugue kwa wima. Ile ya baadaye kwa mlalo tena. Kubadili uelekeo ndiko kunakokuonyesha kazi imefika wapi: endelea mpaka usione hata mstari mmoja wa uelekeo uliotangulia, kisha ongeza dakika moja. Eneo la ukubwa wa ukurasa wa daftari huchukua kama dakika tano hadi kumi kwa kila namba.
7. Kausha na kagua kwa tochi kila baada ya namba. Bamba lililolowa hudanganya.
8. Baada ya 3000 bamba litakuwa na weupe mwororo ulio sawa pote. Hapo ndipo krimu nzito, kisha nyepesi, kila moja na kitambaa chake.

Ukuta mzima wa sm 120 kwa 60 kwa mkono ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Anayekuahidi saa moja atatumia mashine, na mashine ina hatari zake, zimeelezwa chini.

Msasa namba 1500 kuendelea unaweza kutumika upande wa ndani tangi likiwa na maji, kwa mkono taratibu, bila krimu yoyote. Kwa namba nene zaidi, au kazi kubwa ya nje, toa maji. Ukuta wa tangi la urefu wa sm 120 wenye maji ya kimo cha sm 50 husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi, na si busara kuuchonga ukiwa umebeba mzigo huo.

"Nimemaliza msasa na sasa ni mbaya kuliko mwanzo"

Hili ndilo lalamiko linalojirudia sana, na karibu kila mara tiba ni kurudi nyuma, si kuongeza krimu.

*Visokoto vidogo au mistari ya hapa na pale.* Namba imerukwa, au punje imebaki kwenye ndoo au kitambaa. Tafuta kwa tochi mstari mzito kuliko yote, rudi kwenye namba iliyouchora (kwa kawaida hatua mbili nyuma), anza upya kwa maji safi. Inakatisha tamaa, lakini krimu haiwezi kuondoa mstari wa 800 hata ukisugua hadi usiku.

*Weupe usioisha hata kwa krimu.* Umetoka 1000 au 1500 moja kwa moja hadi krimu. Rudi 2000, kisha 3000.

*Picha inapinda, samaki anaonekana amevimba akipita mahali fulani.* Umechimba shimo kwa kusugua sehemu moja, au umesugua kwa ncha za vidole bila kipande cha mpira. Panua eneo kwa namba 800 yenye mpira mgumu hadi shimo lichanganyike na uso wa jirani, kisha pandisha namba zote. Wimbi likiwa katikati ya ukuta wa mbele na bamba ni jembamba, huenda ni afadhali kuligeuza tangi, nyuma iwe mbele.

*Michirizi iliyoyeyuka, au madoa yanayonata.* Joto. Grainda ya kawaida ya jua kali huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, nayo huyeyusha akriliki kwa sekunde chache. Ikiwa ni lazima kutumia mashine, tumia ile unayoweza kuishusha chini ya mizunguko 1,500, ukiwa na pedi ya sponji, krimu ya kutosha, bila kukandamiza na bila kusimama mahali pamoja. Gusa bamba kwa mgongo wa mkono kila nusu dakika: likiwa la moto kuliko chai ya kunyweka, pumzika. Usitumie mashine ya umeme juu ya tangi lenye maji au ukiwa umesimama kwenye sakafu iliyolowa. Sehemu iliyoyeyuka isubiri ipoe kabisa, kisha msasa 600.

Bamba lililopashwa joto hubaki na mkazo ndani yake. Mkazo huo hauonekani kwa macho, mpaka siku mtu anapopangusa kwa spiriti ndipo nyufa zinapofunguka zote kwa pamoja. Kwa hiyo usimalizie kazi kwa spiriti "ili ing'ae". Maji na sabuni vinatosha.

"Naona nyufa nyembamba kama utando, lakini mkono hauhisi kitu"

Simama hapa. Weka msasa chini.

Chanzo cha kwanza ni kemikali: sanitaiza, spiriti, dawa ya vioo yenye amonia, rangi ya kupuliza iliyotumiwa karibu na tangi, thina iliyotumika kuondoa gundi ya bei. Cha pili ni mkazo wa kudumu: stendi isiyolingana, chini ya tangi pasipo ubao ulionyooka wa kulikalia pote, au fremu ya juu iliyokatwa ili mtu aingize taa. Cha tatu ni kukausha ghafla. Akriliki iliyokaa na maji miaka hunyonya kiasi kidogo cha maji, na ukiitoa na kuiacha kwenye jua la adhuhuri, uso hukauka na kusinyaa kabla ya kiini. Cha nne ni shimo lililotobolewa kwa keekee ya moto, au ukingo uliong'arishwa kwa mwale wa moto.

Cha kufanya:

1. Weka rula kando ya nyufa, piga picha. Rudia baada ya siku saba, mahali pale pale.
2. Weka pimamaji juu ya ukingo wa tangi kwa urefu, kwa upana na kwa pembe. Tangi likiwa limeinama, toa maji kwanza ndipo urekebishe stendi. Kabari chini ya tangi lililojaa huhamishia mzigo wote sehemu moja.
3. Acha kabisa kemikali iliyohusika.

Nyufa zilizo juujuu upande wa nje, katikati ya bamba nene, mbali na maungio, na ambazo picha zinaonyesha hazikui, zinaweza kuondolewa kwa msasa kuanzia 600, tangi likiwa tupu, kwa kuzingatia ule mpaka wa sehemu moja ya kumi.

Usiendelee peke yako, mwite fundi wa akriliki au usitumie tangi kuwekea maji tena, ikiwa: nyufa ziko ndani ya sm 5 kutoka kwenye maungio, pembe au tundu, zinakua, zimeungana kuwa ufa mmoja unaohisika kwa ukucha, au kuna unyevu unaotokea kwenye ufa. Akriliki inaweza kukaa na ufa miezi mingi kisha ikaachia kwa mkupuo. Tangi la sm 120 kwa 45 kwa 60 lililojaa ni lita 324, yaani kilo 324 za maji kwenye sakafu yako na dari ya jirani wa chini.

"Maungio yamekuwa meupe, yana mapovu, au ukuta umetuna"

Mapovu machache yaliyotawanyika, ambayo yamekuwepo tangu mwanzo, mara nyingi ni alama ya uunganishaji usio mzuri, si dharura. Weupe unaotambaa kutoka ukingoni kuelekea ndani, au mstari wa fedha unaozidi kurefuka, ni maungio yanayoachana. Kutuna kidogo kukijaa maji ni kawaida kwa akriliki. Kutuna kunakoongezeka wiki kwa wiki, au kulikoanza baada ya fremu ya juu kukatwa, si kawaida.

Silikoni ya kioo haishiki akriliki kwa nguvu inayotegemewa. Mstari wa silikoni juu ya maungio yanayovuja huficha tatizo na kumzuia fundi kuunganisha vizuri baadaye. Ukarabati wa kweli hutumia kiyeyusho kinachoyeyusha pande mbili na kuzifanya bamba moja, na viyeyusho hivyo, kama dikloromethani na klorofomu, vina mvuke wenye sumu usiofaa kabisa kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Punguza maji hadi theluthi leo, na kazi mpe mtengenezaji.

Ukiongea na fundi, muulize jambo moja: je, amewahi kuunganisha akriliki inayobeba maji, au mabango na masanduku ya maonyesho tu? Bango halisukumwi na kilo 150.

"Bamba limekuwa la manjano"

Akriliki nzuri haigeuki manjano kirahisi hata juani. Safisha kwanza, huenda ni rangi ya magogo na majani iliyobaki ukutani. Manjano yakiwa ndani ya unene wenyewe, pengine ni plastiki nyingine kama polikabonati, na hakuna krimu itakayoyatoa.

"Tangi linang'aa, lakini kuna mafuta juu ya maji na samaki wanahema"

Krimu haikusuuzwa. Hujificha kwenye pembe na chini ya fremu ya juu. Sugua pembe kwa mswaki laini na tone la sabuni, suuza mara tatu, na utumie kitambaa kipya. Krimu za magari zenye nta au silikoni zitumike nje tu. Sababu ya pili ni klorini: maji mapya ya mfereji yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla samaki hawajaingia. Ya tatu ni filta iliyokauka siku za kazi, bakteria wakafa, amonia ikapanda. Rudisha samaki kwenye ndoo yao yenye pampu ya hewa, badilisha nusu ya maji ya tangi, pima amonia.

Kujaza upya

Panga kazi ili siku ya kujaza iangukie siku ya mgao, la sivyo utakwama katikati. Jaribu kwenye veranda au sakafu ya vigae, juu ya ubao ulionyooka. Jaza theluthi, subiri saa 12. Theluthi ya pili, saa 12 nyingine. Kisha jaza na uache saa 48, ukipitisha karatasi ya shashi kwenye kila maungio asubuhi na jioni: doa dogo la unyevu huonekana kwenye karatasi kabla jicho halijaliona kwenye ukuta. Pima kutuna kwa kunyoosha uzi kutoka pembe hadi pembe na kuandika milimita ngapi ukuta umeupita.

Ndipo sponji za zamani zirudi kwenye filta, hita iwashwe ikiwa imezama, na samaki waingie joto likiwa sawa na la ndoo, hasa Julai ambapo maji ya tangi la paani hupoa sana usiku. Sumaku ya kusafishia irudi mwisho. Ifungue, ioshe chini ya mfereji, na kila siku kabla ya kuigusisha ukutani pitisha kidole kwenye uso wake kutafuta punje ya mchanga.